Ainabkoi Haina Haraka

Agosti 15, 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya jiji. Hongera zake. Sisi Ainabkoi hatuoni gere. Jiji lina foleni za matatu; foleni yetu ni ng'ombe watatu na punda wa maziwa, na anayepishwa ni punda. Wenzetu, waliokuwa shamba nambari 64 tu, sasa maghorofa yanawazibia jua. Sisi tunalipata lote, siku likitoka. Tena reli ilipita kwetu kabla ya kufika kwao mwaka 1924: maendeleo yalitusalimia kwanza, yakaona hatuna shida, yakaendelea na safari. Na mvua ikinyesha, tope letu halimwachi mgeni aondoke na gunia lake la viazi, lazima alale. Jiji gani lina ukarimu huo?