Anzeni kwa Mwenyewe

Wanaoubeza utaratibu wa Uingereza wa malalamiko kuhusu nyumba za kulelea wazee hawautendei haki. Binti akimkuta mama yake ana michubuko mkononi, na kengele ya kuitia msaada imetundikwa asikoweza kuifikia, kwa kawaida atatakiwa alalamike kwanza kwa nyumba ileile. Kuna ubaya gani? Tumezoea kumcheka ngedere anayehukumu kesi ya nyani, ilhali ndiye hakimu pekee aliyewahi kuyaonja hayo mahindi. Utasema yupo mkaguzi rasmi, CQC, tangu 2009. Yupo, na taarifa hupokea kwa shukrani, ila kuamua lalamiko la mtu mmoja si kazi yake. Akianza kuhangaika na kila mama, atakagua saa ngapi? Nyumba isiporidhisha, unakwenda kwa msuluhishi wa umma, mradi kwa kawaida isizidi miezi 12 tangu ulipolijua jambo. Mzee wa miaka 91 ana haraka ya nini?

Wabishi watataja Winterbourne View, hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol. Muuguzi aliwaarifu wakubwa, akamwarifu na mkaguzi. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ikaonyesha wagonjwa wakipigwa, na watumishi 11 wakatiwa hatiani. Lakini kamera ilivamia tu. Taarifa ya muuguzi ilikuwa imefika zamani, kwa njia halali, na wala hakuna aliyeisumbua.