Mjomba Serahangi Awajibu Wanaotamani Meli

Barua za mwezi huu zimemfikia Mjomba Serahangi kutoka pande zote za bara linalokizunguka kisiwa cha Mombasa: Likoni, Kisauni, Changamwe. Zote zinauliza habari za meli za kitalii, zile zenye madirisha ghorofa kwa ghorofa. Moja ikiingia mlango wa Kilindini, feri ya Likoni husita kuipisha. Abiria wa feri huinua simu kuipiga picha, na watalii walio juu huwapiga picha wao. Mjomba mwenyewe hajawahi kuamrisha chombo kikubwa kuliko jahazi la boriti, lakini ana miwani mizuri na tabia ya kusoma yale maandishi madogo ya mkataba ambayo wenye haraka huyaruka.

"Mjomba, shikamoo. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka ishirini ya ndoa na nataka tupande meli ya kitalii. Yeye asema hupanda chombo cha baharini mara mbili kila siku, tena bure, na raha yake hajaiona. Nimjibuje? – Mke wa Abiria, Likoni."

Mume ana hoja. Mwenda kwa miguu halipi kitu Likoni, na kivuko kile hutajwa kuwa huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Aliyezoea kuuteremka ule mteremko saa kumi na mbili asubuhi, mkokoteni wa madafu mbele yake na mhubiri mwenye spika nyuma yake, hatashtushwa na foleni ya kiamshakinywa kwenye meli ya wageni elfu mbili. Ila Mjomba anashuku kwamba kinachomtisha bwana huyu ni bei, na bahari ameifanya kisingizio.

Basi mkewe amwekee hesabu mezani, hesabu kamili. Bei inayotangazwa karibu kila mara ni ya mtu mmoja anayelala chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake aweza kutozwa karibu maradufu. Ndani ya bei hiyo mna kitanda, chakula cha kawaida, bwawa la kuogelea na maonyesho ya usiku. Nje yake mna soda, intaneti, matembezi ya bandarini, bima, nauli ya ndege hadi bandari ya kuanzia, na ada ya watumishi ambayo kampuni nyingi kubwa huikata kila siku, dola 16 hadi 20 kwa kila mtu. Wawili hawa, kwa usiku saba na ada ya dola 18, watalipa dola 252 kabla hawajanunua hata kofia.

Halafu kuna kadi. Melini fedha taslimu hazitumiki sana. Kila kinywaji huandikwa kwenye kadi ya chumba, na jumla yake hutokea usiku wa mwisho. Wako watu wazima, wenye vyeo vyao, wanaoishika kadi ile kama kwamba ni zawadi ya harusi. Mke apite mapokezi kila baada ya siku mbili aitazame bili ingali mbichi. Kuhusu chumba, cha bei ya chini ni kile cha ndani kisicho na dirisha, na hapo Mjomba yuko upande wa mume: mtu aliyeitazama bahari bure miaka yote hiyo hana sababu ya kulilipia dirisha.

Fedha zichangwe polepole, kwenye chama au Sacco. Kampuni huchukua arubuni kwanza, na salio hutakiwa miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Anayeghairi baada ya hapo hupoteza sehemu kubwa ya fedha zake, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo anavyopoteza zaidi.

"Mjomba, nafanya kazi karibu na Kipevu, naziona meli hizi kwa macho yangu. Nikifika gatini na begi langu na hela zangu, watanipakia? – Begi Tayari, Changamwe."

Hawatampakia, na askari wa langoni atacheka. Ni kweli kwamba Halmashauri ya Bandari, kwa msaada wa TradeMark East Africa, imejenga ukumbi wa abiria wa meli za kitalii kwenye gati namba moja, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 350 hivi. Lakini nyingi ya meli zinazofika pale zinapita tu. Wageni wake walilipa miezi mingi nyuma, wakapandia Cape Town au Morisi au Dubai, na Mombasa kwao ni siku moja ya Fort Jesus, au mbio za kwenda Tsavo na kurudi.

Haikuwa hivi siku zote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 meli pacha za British India, Kenya na Uganda, zilipakia abiria papa hapa Kilindini kwenda London kupitia Suez. Karanja na Kampala zilikwenda Bombay, na wenye nauli ndogo walilala sitahani. Ndege zikazinyang'anya meli hizi abiria, na mwaka 1967 Uganda ikaacha njia hii ikageuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi. Katika miaka ya 1990 African Safari Club, waliokuwa na mahoteli pwani ya kaskazini, walikuwa na Royal Star, meli ndogo na kongwe, iliyotoka Mombasa ikizunguka Zanzibar, Komoro, Madagaska na Shelisheli. Wageni wake wengi walitoka Ulaya; watu wa Changamwe waliiona kama Begi Tayari anavyoziona hizi za leo.

Kisha wakaja maharamia. Tarehe 5 Novemba 2005 Seabourn Spirit, ikitoka Misri kuja Mombasa, ilishambuliwa karibu na Somalia. Ikaponyoka na kuelekea Shelisheli. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody, na iliripotiwa kwamba abiria waliwarushia maharamia viti na meza. Meli zikatukimbia kwa miaka. Mashirika ya usafirishaji yaliiondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa Januari 2023 tu.

Kwa hiyo Begi Tayari aitazame ramani upande wa kusini. Safari zilizo karibu naye na za bei ya wastani ni za MSC kutoka Durban, kwenye kituo cha Nelson Mandela, kati ya Novemba na Aprili. Ni usiku tatu au nne, na nyingi hugusa Pomene au Kisiwa cha Wareno huko Msumbiji. Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara za hadi siku 90 kwa mwaka, tangu tarehe 1 Januari 2023. Kitakachomkwamisha ni kikaratasi cha njano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amejichoma bure. Cheti chenyewe, tangu 2016, ni cha maisha. Kilichoandikwa muda wa miaka kumi zamani nacho bado ni halali. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake. Na afike Durban siku moja kabla, kwa sababu ndege ya kuunganisha Johannesburg ikichelewa, nahodha hatapigiwa simu.

Anayeota Bahari ya Kati ajue jambo moja zaidi. Meli ikitoka Barcelona ikapita bandari iliyo nje ya eneo la Schengen kisha ikarudi, hapo ameingia eneo hilo mara mbili. Viza ya kuingia mara moja haimtoshi.

"Mjomba wetu, mavyaa wangu tumemwekea akiba asafiri nasi, lakini asema maji hayana mwenyewe. Tena hata mashua ya pale Mtwapa humlevya. – Mkamwana, Mishomoroni."

Mjomba hamcheki mama huyu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka mita chache kutoka nchi kavu, wakafa watu 272, na ng'ambo yetu hakuna mtaa usio na anayekumbuka alikuwa wapi siku hiyo. Hofu yake imejengwa juu ya tukio, na haiondolewi kwa kumwambia kwamba meli ni kubwa. Costa Concordia ilikuwa kubwa zaidi ya mara mia, ikagonga mwamba wa kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, na watu 32 wakapoteza maisha.

Kinachosaidia ni kujua la kufanya. Baada ya Concordia sheria za kimataifa zilibadilishwa: wageni wapya huonyeshwa mahali pa kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Wenye ujuaji hulikwepa zoezi hilo wakawahi baa. Mama asilikwepe, na mkamwana atembee naye kwa miguu kutoka chumbani hadi kwenye mashua yao, mara mbili, mara ya pili bila kusoma vibao.

Na kama atapenda kisa chenye mwisho mwema, asimuliwe Oceanos. Agosti 1991 meli hii ya Kigiriki ilijaa maji katika dhoruba ya pwani ya Afrika Kusini. Nahodha alitangulia kuondoka kwa helikopta. Waliobaki wakiita msaada kwa redio na kuwapanga abiria ni wanamuziki wa meli, akiwemo mpiga gitaa Moss Hills. Watu wote 571 waliokolewa. Mjomba tangu hapo huwaangalia wapiga muziki kwa jicho jingine.

Ama kulevywa, kuna tiba ya akili na tiba ya dawa. Chumba kiwe katikati ya meli na chini, maana omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla tumbo halijachafuka, na mwenye presha au sukari amuulize daktari kwanza. Tangawizi huwasaidia wengine. Muhimu kuliko yote ni majira: katika maji yetu aende wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia kiasi. Asidanganywe na punguzo la Julai, kusi likiwa kwenye nguvu zake.

"Mjomba, mume wangu hachelewi ila ana mambo yake. Tukishuka bandarini ataingia sokoni. Meli itatungoja? – Mwenye Wasiwasi, Bamburi."

Norwegian Dawn, moja ya meli zilizowahi kutia nanga Kilindini, ilijibu swali hili Machi 2024 huko São Tomé. Wageni wanane, waliotoka na matembezi yao ya binafsi, walirudi baada ya muda uliowekwa. Meli ilikuwa bado inaonekana. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti hadi ubavuni mwake, hawakupakiwa. Wakaifukuza nchi hadi nchi, wakaikosa Gambia kwa sababu maji yalikuwa madogo nayo meli haikuweza kufunga gati, na mwishowe wakaipata Dakar, Senegali.

Wakishuka, basi, wabebe pasipoti ikiwa kampuni inaruhusu, dawa za kila siku, namba ya wakala wa meli wa bandari ile, na fedha za hoteli usiku mmoja. Saa zao zifuate saa ya meli, ambayo huenda isilingane na saa ya mji. Matembezi yanayouzwa na meli yenyewe ni ghali, lakini basi lake likikwama meli kwa kawaida hulisubiri. Mwenye mume mwenye mambo yake ayalipie hayo.

"Mjomba, kijana wangu ameahidiwa kazi ya uhudumu kwenye meli ya kitalii. Wakala ataka shilingi elfu themanini kwanza kwa M-Pesa. Tuuze mbuzi? – Mzazi, Mikindani."

Mbuzi abaki. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Mafunzo ya usalama nayo hulipiwa chuoni, kwa risiti, kwa mfano Bandari Maritime Academy. Mzazi alipeleke jina la wakala huyo ofisi ya Kenya Maritime Authority, papa hapa Mombasa, aulize kama ana leseni. Wakala akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Wawili wameuliza kuhusu sala na chakula. Mjomba si sheikh. Habari za kupunguza na kujumuisha sala za msafiri wamuulize maalimu wa msikiti wao kabla ya kuondoka. Kibla watakitafuta kwa dira ya simu, tena kila sala, maana meli hugeuka. Chakula halali kiombwe kwa maandishi siku ya kulipa arubuni, si siku ya kukaa mezani. Safari za Ghuba, zinazoanzia Dubai au Doha majira ya baridi, huwa na wepesi zaidi katika hilo, na nusu ya Kisauni ina jamaa kule wa kuwapokea uwanjani.

Barua ya mwisho ni ya kijana wa Mtopanga anayetaka kumpeleka mchumba wake "kruzi" kwa mshahara wa mwezi mmoja. Apande matatu ya Likoni hadi Shimoni, kilomita themanini hivi kusini, wakapande jahazi la kwenda Kisite na Wasini. Ada ya hifadhi ailipe mapema kwa eCitizen kwa kiwango cha mwananchi, bei ya jahazi aipatane pamoja na chakula cha mchana, na ahakikishe majaketi ya kuokolea yanatosha watu wote kabla kamba haijafunguliwa. Kaa wa Wasini huvunjwa kwa nyundo mezani, kwa hiyo shati jeupe alilonunua kwa ajili ya picha aliache Mtopanga.