Jina la Mama Halitoki Peke Yake

Aliyepiga simu alimwambia mama mkwe wangu kwamba mjukuu wake Salim amegonga gari la mtu, yuko mahabusu, na wakili anataka dola 4,000 kabla jua halijazama. Alilijua jina la Salim, umri wake, mtaa wetu hapa Sacramento, hata jina la marehemu babu yake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia jikoni, ambako Salim alikuwa anachovya chapati kwenye mchuzi, akampa simu. "Haya, zungumza na wakili wako."

Simu ikakatwa. Tukacheka sote isipokuwa mume wangu, aliyeshikwa na swali moja: yule mtu alitujuaje?

Usiku akaliandika jina la mama yake kwenye intaneti. Likaja na kila kitu: anwani ya sasa, nyumba tuliyopanga tulipofika, namba ya simu ya mezani, na chini yake orodha ya jamaa. Nilikuwamo mimi, yeye, Salim, na shemeji yangu Rashidi wa Columbus, Ohio. Alikuwamo pia mpangaji aliyeishi kabla yetu, ambaye hatujapata kumwona, ameingizwa kwenye ukoo. Na baba mkwe, tuliyemzika kwa mikono yetu, ameandikwa yu hai.

Tovuti hizi za kutafuta watu ni biashara halali Marekani. Huzoa kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, kama hati za nyumba na kesi za mahakama, huongeza taarifa zinazouzwa na madalali wa data, kisha huzifuma pamoja. Daftari la wapiga kura la Ohio, kwa mfano, yeyote anaweza kulipakua, majina na anwani. Kompyuta ikiona watu wamewahi kupitia mlango mmoja, inawahesabu ndugu.

Kazi ya kufuta ikaanzia kwenye meza ya chakula. Kila tovuti ina njia yake, lakini nyingi zinafanana: unautafuta ukurasa wako, unanakili kiungo, unakibandika kwenye fomu iliyowekwa chini kabisa kwa maandishi madogo, unasubiri baruapepe ya kuthibitisha. Jina la Salim lilikuwa limeandikwa kwa tahajia tofauti tofauti, kila moja na ukurasa wake.

Moja ya tovuti hizo ikataka kuthibitisha kwa simu. Sauti ya mashine ingepiga simu ya mezani, itaje namba, nasi tuiandike kwenye kompyuta. Simu ikalia, mama akawahi kuipokea. Baada ya yule tapeli tulikuwa tumempa sharti: ukisikia mtu anazungumzia namba za siri, kata. Akakata. Mume wangu akapiga kelele toka ghorofani, "Mama, usikate!" Ikalia tena, akakata tena. "Ninyi ndio mlioniambia." Mimi nilikuwa upande wake. Sharti linalomlinda mzee halilegezwi ili kuirahisishia kampuni inayouza anwani yake. Tovuti ikatufungia mpaka kesho yake, na kesho yake Salim akaketi kando ya simu.

Kwa baba ndipo pakawa pagumu. Mama alipoona jina lake kwenye fomu aliuliza, "Mnamfuta baba yenu?" Mume wangu akashindwa kujibu. Nikamweleza kwamba jina la marehemu aliyeandikwa hai ni mali kwa mwizi. Anaweza kulitumia kuombea mkopo. Akatafakari. "Basi mtoeni. Mume wangu hakai mtaa huo."

Kurasa zikaanza kutoweka. Salim alitaka tulipe kampuni ituendelezee kazi hiyo, lakini shirika la Consumer Reports lilipozijaribu huduma hizo mwaka 2024, nyingi zilishindwa na watu waliofuta kwa mkono wao. Tukaendelea wenyewe. Lakini tulipofungua ukurasa wa Rashidi, tulikuta ukoo mzima umekaa pale: mama, sisi, mtaa wetu.

Nikampigia. "Shemeji, mimi sina cha kuficha," akasema.

Nilimsimulia habari ya Esther Salas, hakimu wa New Jersey. Julai 2020 mtu aliyekuwa na kinyongo naye, na aliyekuwa amekusanya habari zake, alifika nyumbani kwake amejifanya mleta mizigo. Hakimu ndiye aliyewindwa; aliyeuawa ni mwanawe Daniel, kijana wa miaka 20, na mumewe akajeruhiwa vibaya. Sheria iliyopewa jina la Daniel inawawezesha mahakimu na polisi wa jimbo hilo kudai anwani za nyumba zao ziondolewe. Mama mkwe wangu si hakimu. Nikamwambia Rashidi: anwani yako si yako peke yako, ukiiacha wazi umeniachia wazi na mlango wa mama.

Sisi wa California tumepata nafuu. Sheria iliyosainiwa mwaka 2023 imeleta mfumo uliofunguliwa Januari 2026: ombi moja linawafikia madalali wa data zaidi ya 500 waliosajiliwa, nao wanatakiwa kuanza kuyatekeleza maombi tarehe 1 Agosti 2026. Hata hivyo kumbukumbu kama daftari la wapiga kura haziguswi, na mkazi wa Ohio hana njia ya kuingia humo.

Rashidi akauliza fomu inaanzia wapi. Tunamfutia kwa mkono, tovuti kwa tovuti, kila Jumapili kwa simu ya video, mama akisimamia. Mapacha wa Rashidi wanatimiza miaka 18 Septemba, na wakijiandikisha kupiga kura huko Columbus majina yao yataingia kwenye daftari lilelile. Nimewaambia wajiandikishe, wasiiache haki yao. Fomu tutazijaza sisi.