Ufunguo wa "In-"

Tukiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa siri: neno likianza na "in-", ujue limekanushwa. "Correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. "Visible" huonekana, "invisible" hakionekani. Kumbe Kiingereza nacho kina mlango wa uani! Kamusi nikaiachia vumbi.

Likizo ile basi letu lilisimama Chalinze tule. Kando yetu palikuwa na lori la mafuta, ubavuni limeandikwa kwa herufi nyekundu: "HIGHLY INFLAMMABLE".

"Mjukuu wangu," mzee mmoja akaniuliza, sigara mkononi, "pale pameandikwa nini?"

"Wanasema mzigo huu haushiki moto, babu. Haushiki kabisa."

Babu akashukuru, akaenda kujiegemeza kwenye lori lenye kivuli kizuri, akavuta pafu. Dereva alitoka mgahawani mbio, mdomo umejaa wali. Matusi aliyotumiminia hayakuwa na kiambishi hata kimoja; tuliyaelewa yote.

Baadaye nilisoma kwamba "in-" ile si ya kukanusha. Ni ya Kilatini, ya kutia moto ndani ya kitu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, watu wa kinga ya moto walihimiza paandikwe "flammable" tu, kwa kuwaogopa wasomi wa aina yangu.

Ungedhani nilikoma. Nilipomaliza shule nilipata kibarua cha kuwatafsiria watafiti wageni vijijini, jua la utosi, wiki tatu. Siku ya mwisho mkuu wao akanipa bahasha yenye barua: "Your help was invaluable." Nikaingiza ufunguo. "Valuable" ni chenye thamani. Kwa hiyo mimi… Ama kweli! Usiku huohuo nikamwandikia jibu la kumkomesha: "You also are invaluable, sir. Even your wife." Alfajiri nikalipenyeza chini ya mlango wa ofisi yake.

Shangazi, aliyeishia darasa la saba, alinisikiliza nikilalama huku anachambua mchicha.

"Bahasha ilikuwa na pesa?"

"Ilikuwa nazo, na nyongeza juu."

"Na mimi nikikwambia huna mfano, nimekutukana?"

Nikanyamaza. Nikapekua kamusi kwa vidole vinavyotetemeka, kisha nikatimua mbio hadi ofisini, nikitumaini hajafika. Alikuwa amefika. Barua yangu ilikuwa imeshabandikwa ukutani, juu ya meza yake, na mkewe alinikumbatia kabla sijamaliza kusema hodi.