Mgeni Katika Baa ya Watu

Baa ya mtaani Dar es Salaam huonekana kuwa mahali pa kila mwenye hela, lakini kila kiti kina mwenyewe. Viti vyenyewe ni vya plastiki, vimechapwa nembo ya kampuni ya bia, havina jina wala namba. Mgeni anayeingia saa moja jioni huviona vitupu, akaamini kuwa ni vitupu. Kumbe kile kilichoegemea nguzo ni cha mzee mmoja mstaafu wa bandari, cha karibu na feni ni cha mwalimu, na meza nzima ya uani ni ya mafundi gereji ambao muda huo bado wanaoga. Wote watafika, na mmojawapo atamkuta mgeni kakaa pake.

Anayekwenda baa na rafiki wa mtaa huo husalimika, maana mwenyeji wake humvuta shati kabla hajakosea. Anayekwenda peke yake hana wa kumvuta shati. Hata hivyo mikasa yake si ya kubahatisha. Hufuatana kwa mpangilio ule ule, kuanzia kitini hadi kwenye bajaji ya kurudi, na mingi ina chanzo kimoja: mgeni hudhani amekuja kununua bia, ilhali bia hiyo hiyo ipo grosari ya jirani. Wenzake wamekuja kujulikana.

Hakuna anayemfukuza mtu kitini. Mzee mwenye kiti hufika, husalimia meza zote, kisha husimama. Mgeni huitikia salamu kwa heshima zote, "Marahaba" ikimponyoka hata pale ambapo yeye ndiye aliyepaswa kuamkia, akaendelea kunywa. Mzee huendelea kusimama. Ndipo mhudumu anapokuja na maneno matamu: "Kaka, samahani, njoo ukae huku kuna upepo." Huko anakopelekwa hakuna upepo wowote. Kuna spika.

Akishahamia penye spika, mgeni huwa tayari ni mada ya mazungumzo. Mtu mmoja, meza moja, chupa moja, hasemi na mtu: meza za jirani hazina budi kupata maelezo. Maelezo yanayokubalika ni matatu. Ama ni polisi aliyevaa kiraia, ama ni mtu wa mapato, ama kagombana na mkewe. La tatu ndilo linaloleta huruma na hata bia ya bure, kwa hiyo mgeni mwenye busara hakanushi haraka. La pili ndilo baya, na hujithibitisha lenyewe mgeni anapoomba risiti. Tangu mashine za kielektroniki za risiti zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, serikali imewahimiza wananchi kudai risiti kwa kila wanachonunua. Mwananchi mwema anayelitekeleza agizo hilo saa tatu usiku, peke yake, kwenye baa asikojulikana, huona kaunta nzima ikikaa kimya.

Kuagiza nako kuna mtego wake. Mhudumu huuliza, "Nikuhudumie nini?" na mgeni hutaja bia anayoijua: Safari, Kilimanjaro, Serengeti, au Tusker, ambayo wengi huinywa bila kujua kwamba jina lake linamkumbusha tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha bia hiyo huko Kenya, mwaka 1923, mwaka mmoja tu baada ya kiwanda kuanza. Ajali za bia Afrika Mashariki zina historia ndefu. Swali linalofuata ndilo linalomkwamisha: "Ya baridi au ya moto?" Hakuna anayechemsha bia. Ya moto ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji, na ina wapenzi wake wa kudumu, hasa watu wazima wanaolalamika kuwa ya baridi huumiza koo na kuua ladha. Mgeni anayetaka kuonekana mwenyeji hujibu, "Yoyote." Jibu hilo huletewa ya moto, kwa sababu za baridi zinagombewa na wenye msimamo.

Chupa hufunguliwa mezani, mbele ya macho ya mnunuzi. Hilo si pambo la huduma bali ni ulinzi wake, na mgeni anayeambiwa "nimeshakufungulia" ana haki ya kuomba nyingine. Nairobi wana neno lao kwa unga unaotiwa kwenye kinywaji cha mtu ili alale aibiwe: huuita mchele, na aliyewahi kuwekewa mchele huzinduka akiwa hana simu wala viatu. Hapa pana jambo moja lisilo na utani. Anayekunywa peke yake hana wa kumlindia glasi, kwa hiyo glasi aliyoiacha akaenda msalani ihesabiwe kuwa imemwagika.

Chupa tupu nazo zina kazi. Katika baa nyingi mhudumu huchukua bia kaunta kwa hesabu yake mwenyewe, na mteja akitoroka, hasara hukatwa kwenye ujira wake. Ndiyo maana chupa haziondolewi mezani hadi malipo yakamilike. Zile ndizo daftari. Mgeni nadhifu asiyejua hili huzipanga chini ya meza, akaonekana anaficha deni. Mgeni mwenye haraka hufanya kosa kubwa zaidi: hukaa kwenye meza ambayo waliotangulia wameinuka muda huo huo, chupa zao sita zikiwa bado pale. Kuthibitisha kwamba mtu mmoja hakunywa bia sita katika dakika mbili ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, hasa baa hiyo inapokuwa na mashahidi waliowahi kuona mtu akifanya hivyo.

Kwenye kilabu cha pombe ya kienyeji daftari la chupa halipo, lakini kuna sheria kali zaidi. Mbege ya Wachagga, inayopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, hunywewa kwa kupokezana. Anayeikumbatia kata yake peke yake kama anayenyonyesha ametangaza kwamba hana ndugu. Ulanzi wa Iringa una mkasa wa aina nyingine. Ni utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa mvua, nao ukiwa mchanga ni mtamu kama juisi. Mgeni huupima kwa ladha ya mdomoni, akasema hiki ni kinywaji cha watoto, akaongeza lita. Ulanzi hauachi kuchachuka kwa kuwa umenunuliwa. Wa asubuhi na wa jioni si kitu kimoja, na wenyeji, ambao wangeweza kumweleza hayo mapema, kwa kawaida hupendelea kutazama.

Njaa huja na hesabu zake. Nyama choma huuzwa kwa kilo, na mchomaji hutazama kwa mashaka anayeomba nusu ya mbuzi ya mtu mmoja. Mgeni hulipia nusu kilo na ndizi mbili, akaambiwa asubiri "kidogo tu". Kidogo hicho huchukua saa nzima na ushei, na kwa kuwa tumbo ni tupu na bia ipo, nyama hufika ikimkuta mtu tofauti na yule aliyeiagiza. Sinia huwekwa mezani pamoja na kachumbari, chumvi na pilipili, maji ya kunawa humiminwa, na adabu humlazimu mgeni atamke neno lililowagharimu wengi: "Karibuni." Kwa kawaida jibu lake ni "Asante, tunashukuru," na kila mtu anabaki na chake. Lakini mwaliko huo hutolewa kwa sauti ya kirafiki, na mtu aliyekunywa bia tatu akisubiri hutoa sauti ya kirafiki kupita kiasi. Majirani huvuta viti. Saa moja na ushei ya kusubiri huisha kwa dakika nne, na mgeni aliyelipa hupata ndizi moja, mfupa, na marafiki wapya wawili.

Siku ya mpira mambo hubadilika kabisa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo nchi imegawanyika kwa rangi. Baa zingine ni za njano na kijani, zingine nyekundu na nyeupe, na si zote zinazotundika bendera nje. Mgeni aliyevaa shati jekundu kwa kuwa ndilo lililokuwa limepigwa pasi hupokelewa kwa shangwe au kwa ukimya asioweza kuuelewa, kutegemea mlango alioingilia. Akiulizwa ni wa wapi, kujibu kwamba hafuatilii mpira hakumwokoi. Hilo huhesabiwa kuwa ni uongo wa shabiki wa upande wa pili.

Penye bendi ndipo kuwa peke yake kunapomgharimu mtu zaidi. Muziki wa dansi na baa vimelelewa nyumba moja: Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua jina la baa ilimokuwa ikipiga. Waimbaji na marapa wa dansi wana desturi ya kutaja majina ya wateja katikati ya wimbo. Mgeni aliyesogea mbele kidogo husikia ghafla jina lake, alilomwambia mhudumu kwa unyenyekevu, likipaa kwenye vipaza sauti pamoja na cheo ambacho hajawahi kukishika. Ukumbi mzima humgeukia. Aliyetajwa hutunza, na hutunza hadharani, noti ikienda mkononi mwa mwimbaji au kwenye paji la uso lenye jasho. Mwenye wenzake angewachangisha. Aliye peke yake hufungua pochi chini ya meza, akitafuta noti ndogo, akakuta zote ni kubwa isipokuwa ile ya nauli.

Kwenye taarab kosa huwa la upande mwingine, la kutunza bila kutajwa. Nyimbo nyingi za taarab husemea mafumbo ya mapenzi, wivu na majirani wabaya, na anayeinuka kumtunza mwimbaji huweza kuwa analichukua fumbo hilo na kulielekeza kwa mtu aliyeketi humo humo. Mwenyeji huchagua beti yake, hupita kwa madaha mbele ya anayemkusudia, kisha ndipo hutoa noti. Mgeni, ambaye amependa tu sauti, huinuka kwenye beti yoyote na kupita njia fupi. Njia hiyo fupi ikipita mbele ya meza ya bibi harusi mtarajiwa, au ya mwanamke aliyeachwa juzi, mgeni atakuwa ametangaza vita ambayo hajui hata majina ya majeshi yake. Kuomba radhi hakusaidii sana, kwa sababu katika taarab kila aliyerusha kijembe husema hakumkusudia mtu.

Yote haya humpata mwanamume. Mwanamke anayeingia baa peke yake hukutana na mikasa mingine, na mingi si ya kuchekesha kwake. Mhudumu humuuliza anamsubiri nani. Akijibu hamsubiri mtu, huulizwa tena baada ya nusu saa, kana kwamba jibu linaweza kuwa limeiva. Kisha huanza kufika bia: "Imetoka meza ile." Kuikataa ni kiburi, kuipokea ni mkataba, ndivyo wanavyodhani waliotuma. Njia inayotumiwa na wazoefu ni kuomba bia hiyo irudishwe kaunta ikiwa haijafunguliwa na mtumaji apewe shukrani zake, au kukaa kaunta kabisa, karibu na mwenye baa, ambaye mara nyingi ni mama wa makamo asiyependa fujo. Mama huyo akimwita mtu "mwanangu" mara moja kwa sauti, meza zote husikia, na bia za kutumwa hukoma.

Choo hakihitaji maelezo marefu. Hakina kibao. Ukuta wa nje una maandishi makubwa ya kutishia faini kwa atakayekojoa hapo, nayo ndiyo dalili pekee kwamba msalani hakuko mbali. Mlango hauna komeo, kwa hiyo anayeingia huimba.

Malipo ndiyo humvua mgeni nguo. Katika baa wasikojulikana watu hupenda kujipa maisha mapya: karani hujitambulisha kuwa mkandarasi, dereva hujiita mwenye magari. Hakuna ubaya, na usiku mmoja wa ukandarasi haujengi ghorofa yoyote. Tatizo ni kwamba siku hizi wengi hulipa kwa simu, laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na ujumbe wa fedha humfikia mhudumu ukiwa na jina kamili la mtumaji. "Imeingia," husema mhudumu, kisha husoma kwa sauti jina ambalo meza ya jirani haijalisikia usiku kucha. Mtandao ukikwama, hali huwa mbaya zaidi: fedha imetoka, haijaingia, na mkandarasi huzuiwa hapo akiwa ameshika simu juu kutafuta minara.

Saa za kufungua na kufunga nazo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, ilizibana baa zifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufunga saa tano usiku. Mgeni aliyetoka Dar akiwa amezoea kuanza na supu asubuhi na kuendelea alijikuta ana mchana mrefu usio na kazi.

Hubaki safari ya kurudi. Mgeni humpigia simu dereva wa bajaji, akaulizwa alipo. Hapo hugundua kwamba hajui baa inaitwaje. Ukutani kuna jina la bia kwa herufi kubwa kama mlango, kwa sababu kampuni ndiyo iliyolipia rangi, na jina la baa limebanwa pembeni likafunikwa na kreti. "Nipo penye ukuta wa bia," humweleza dereva, ambaye amezipita kuta tano za aina hiyo. Mwishowe mhudumu humpokonya simu na kuelekeza mwenyewe: pita msikiti, acha barabara ya lami, kata kona pale palipokuwa na mbuyu. Mbuyu ulikatwa miaka mingi iliyopita. Bajaji hufika baada ya dakika tano.