Yah: Kuthibitishwa Kazini Kama Fundi Wenu wa Ruta

Tabata, Dar es Salaam

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Kampuni ninayoilipa kila mwezi.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya nyumbani, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, tangu mwanzoni mwa 2024. Mkataba unaniita mteja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi pale nilipoweka sahihi. Lakini muda wote huo nimekuwa nikifanya kazi ambayo mkataba haukuitaja. Nimezima, nimewasha, nimechomoa, nimechomeka. Nimeinama nyuma ya friji nikiwa nimebana simu kwa meno ili inimulikie. Nimesoma rangi za taa kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mtoto wa chekechea, huku dada wa upande wa pili wa simu akiniambia "sawa mpendwa, na inayofuata?" Huko ninakofanya kazi ya mshahara, mtu akimaliza muda wa majaribio bila kufukuzwa huandikiwa barua ya kuthibitishwa. Yangu bado sijaiona, nami nimeona nikumbushe.

Nianze na siku niliyoajiriwa, ingawa mwenyewe sikujua kwamba naajiriwa. Vijana wenu wawili walikuja na ngazi saa kumi na moja jioni, baada ya mimi kukaa nyumbani kuwasubiri tangu saa tatu asubuhi. Walikuwa na adabu, waliamkia, walikunywa maji. Wakavuta waya kutoka kwenye nguzo, wakatoboa ukuta wa jikoni, na hapohapo, nyuma ya friji, wakatundika ruta. Mke wangu akauliza kama haiwezi kusogezwa sebuleni, ambako watu huishi.

"Waya umeishia hapa, mama. Ila itashika tu, hii ina antena nne."

Antena nne. Tangu siku ile nimesoma kuhusu mawimbi zaidi kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa shuleni. Najua sasa kwamba ruta ile inarusha kwa masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 yanafika mbali kidogo, lakini yamebanana na ya majirani, na jiko la maikrowevu nalo hutumia masafa hayohayo. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila ukuta wa tofali za saruji unayachosha mapema. Na yote mawili, yakikutana na bati kubwa la chuma lililojaa vyakula na chupa za maji, hayana pa kwenda. Kutundika ruta nyuma ya friji ni sawa na kumfungia muadhini stoo halafu mkalalamika kwamba watu hawaji kuswali.

Neno la siri lilikuwa limebandikwa mgongoni mwa ruta, upande unaotazama ukuta. Nilichukua kioo cha mke wangu cha kujipambia, nikakiingiza kwenye upenyo, nikanakili herufi zilizopinduka. Nilijaribu mara sita. Mtoto wa jirani, yuko kidato cha tatu, alikuja kuazima pampu ya baiskeli, akanitazama kwa muda, akaingiza simu mahali pa kioo na kupiga picha. Kisha akaniambia ile niliyodhani ni herufi O ni sifuri. Mkumbukeni kijana huyu, tutarudi kwake.

Kuhusu megabiti 20 sina ugomvi nanyi. Nimeusoma tena mkataba na nimeona kosa ni langu, kwamba sikuliona neno "hadi". Hadi megabiti 20. Ni neno la Kiswahili safi na mnalitumia kwa ustadi mkubwa. Mkulima akikuambia atavuna hadi gunia ishirini, hata akirudi na debe moja la mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, hajakudanganya. Halafu kuna hiyo "biti". Mimi, na nadhani wengi hapa mtaani, tulidhani ni zilezile megabaiti tunazonunua kwenye bando la simu. Kumbe baiti moja ina biti nane, kwa hiyo ishirini zenu ni mbili na nusu zetu. Video ya harusi ya mpwa wangu ilikuwa na megabaiti 700. Nilitegemea ishuke kwa sekunde 35. Kwa hesabu sahihi ingechukua karibu dakika tano, endapo kila kitu kingekwenda kama kwenye tangazo lenu, lile lenye familia inayocheka kwenye kochi jeupe. Ilianza kushuka magharibi. Baada ya isha mke wangu aliuliza kama bibi harusi bado yuko saluni.

Nilipopiga simu mlinishauri nipime kasi kwa waya. Nikaazima kompyuta ya ofisini, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya friji, nikachomeka. Ikasoma 18. Chumbani, kuta mbili mbele, simu ilisoma moja na ushee. Mkanijibu kwamba upande wenu hauna tatizo, na lazima nikiri mnasema kweli. Mmeahidi kuleta intaneti nyumbani kwangu, mmeifikisha nyuma ya friji yangu, na friji iko nyumbani kwangu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Mafunzo yangu yote yalikuwa sentensi moja: "Zima ruta, subiri sekunde thelathini, kisha washa." Siidharau. Ruta ni kompyuta ndogo, nayo hulemewa kama sisi, na kuna siku kuizima kunaisahaulisha yaliyoikwamisha. Dawa hii ni kama panadoli, inatibu mengi. Ila Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mliniandikia panadoli kwa mguu uliovunjika. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za upande huu zikabaki zinahema. Mimi sikujua. Nilipiga simu, nikasikiliza ule muziki wenu wa kinanda, nikaambiwa nizime, nisubiri, niwashe. Nilifanya hivyo mara nne. Usiku niliposikia habari nilijiuliza, mtu wa Tabata anayebonyeza swichi jikoni kwake alitarajiwa kuunganisha nini kule chini ya bahari? Hata hivyo niliagizwa na nilitii, jambo ambalo naomba lionekane kwenye tathmini yangu ya utendaji.

Mwezi uliofuata ikawaka taa nyekundu, ile iliyoandikwa LOS. Nilipiga simu, nikazima, nikasubiri, nikawasha. Nyekundu. Mkanipa namba ya tiketi na ahadi ya saa 24 hadi 48 (hilo "hadi" tena, safari hii likifanya kazi upande wa pili). Siku ya tatu nilimwita kijana wa jirani. Hakugusa swichi. Alisema taa hiyo maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku, na mwanga usiofika hauwezi kufika kwa kuzima kisanduku. Akaniomba tuivute friji.

Nyuma kulikuwa na ule waya mwembamba wa njano. Fundi wenu alikuwa ameubakiza mrefu kidogo, na ili usining'inie akauzungusha kwenye msumari mara tatu, akaubana kama kamba ya mbuzi. Friji iliposukumwa siku ya usafi, ikaumalizia. Kijana akanieleza kwamba ndani ya waya ule hamna shaba. Kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na njia ya mwanga iliyo katikati ya uzi huo ni nyembamba zaidi. Ukiupinda polepole mwanga hukunja kona pamoja nao, ukiukunja ghafla mwanga humwagikia nje. Nilipotaka kuchungulia ncha ya waya alinishika mkono. Mwanga wake hauonekani, alisema, lakini unaweza kudhuru jicho. Yaani taarifa imevuka bahari, imepita mkongo wa taifa, imepanda nguzo za mtaa wetu, ikaja kufia kwenye msumari wa inchi tatu jikoni kwangu. Akaufungua taratibu, akautengeneza kitanzi kipana kama sahani ya wali, akaubandika kwa selotepu. Taa nyekundu ikapepesa, ikazimika. Akaomba soda.

Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe wenu wa simu: "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa na kitengo chetu cha ufundi. Tafadhali tupe alama kuanzia 1 hadi 10."

Ndugu, hapa ndipo msingi wa maombi yangu ulipo. Nyumbani kwangu hakuja mtu. Ngazi yenu haikuonekana. Waliokuwepo jikoni ni watu wawili tu, na ninyi wenyewe, kwa maandishi, mmewatambua kuwa kitengo chenu cha ufundi. Ujumbe nimeuhifadhi. Nilijipa 9.

Nilipoona nimeshakuwa wa kitengo, nilinunua kwa fedha zangu ruta ya pili Kariakoo ili niiweke korido na chumbani nako kufike. Simu ikaonyesha mistari yote imejaa, na hakuna kilichofunguka. Kumbe ruta yangu na yenu zote zilitoka kiwandani na anwani moja, 192.168.1.1. Ni kama nyumba mbili kwenye mtaa mmoja zenye namba moja mlangoni, na tarishi amesimama katikati na mfuko wake. Nikataka kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenu nibadilishe. Ikaomba neno la siri jingine, si lile la mgongoni. Nikapiga simu, na dada akaniambia kwa upole: "Hiyo ni ya mafundi tu, mpendwa."

Hapo niliumia. Kazi ikitokea mimi ni fundi, funguo zikitajwa mimi ni mteja mpendwa. Ilibidi nibadilishe anwani ya ruta yangu, ikawa 192.168.2.1, na sasa intaneti inafika hadi kwenye kibaraza. Majirani wameanza kuniita fundi wa intaneti. Wiki iliyopita mama wa nyumba ya nne alinisimamisha njiani kutoka msikitini ili nikamtazamie taa yake.

Kwa hiyo naomba barua ya kuthibitishwa, neno la siri la mafundi, na posho ya soda kwa miezi iliyopita. Stakabadhi sina, mwenye duka ni shahidi. Naomba pia kwamba nyumba nyingine mkienda, vijana wawe na waya mrefu kidogo. Mita nne tu zingenifikisha sebuleni, na barua hii isingekuwepo. Fulana yenye nembo mnayowapa mafundi ningeipokea pia. Navaa saizi kubwa.

Wenu katika ujenzi wa mtandao,

Mteja (kaimu fundi)

Nakala: Kijana wa jirani, kidato cha tatu. Ameisoma barua hii kabla haijatumwa na amesahihisha pale nilipoandika megabaiti badala ya megabiti. Fulana ikipatikana apewe yeye. Saizi ya kati, na asipewe siku ya mtihani.