Linalia Wapi Hasa?

Mwanamume mwenye ndevu, familia na mkopo benki akionekana na gari la rimoti, swali la kwanza analoulizwa ni mtoto ana umri gani. Nimechoka kujibu. Gari ni langu. Ni la kipimo cha 1:10, lina difu mbele na nyuma, shokapu nne zenye mafuta ndani, na shafti inayopita katikati kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Ni daladala ngapi hapa Dar es Salaam zenye shokapu nzima nne?

Nililivua lote kwa sababu ya mpwa wangu. Aliliazima, akalipeleka ufukweni Kigamboni, akalirudisha limepauka huku yeye meno yote nje. “Mjomba, lilikimbia vizuri sana mchangani!” Lingekosaje kukimbia? Mchanga wa pwani hauui siku hiyo hiyo. Unajipenyeza kwenye beringi, chumvi inafuata, kutu inakuja kumalizia kazi. Gurudumu ambalo zamani ukilisukuma kwa kidole lilizunguka mpaka ukalisahau, leo likifika nusu ya mzunguko linaguna na kusimama.

Basi nikatandaza magazeti kwenye meza ya chakula. Zile beringi za milimita 5 kwa 11, ambazo moja ikidondokea chini ya kochi hesabu umeitoa sadaka, nikazing'oa zote nikaweka mpya. Nikasugua giya kwa mswaki na maji ya sabuni, nikapaka grisi, nikamimina mafuta ya silikoni kwenye difu, nikakaza kila skrubu kwa mkono, taratibu, kwa adabu. Mama Watoto akapita, akauliza chakula cha usiku kitaliwa wapi. Nikamwambia mkekani, wazee wetu walikula mkekani na walikuwa na afya. Hakucheka.

Sasa sikilizeni dhuluma yenyewe. Kabla sijalifungua, gari lilikuwa na mlio mmoja tu, ule wa mchanga. Baada ya kulifunga, na nililifunga sawasawa, likawa na milio ya ukoo mzima. Likiondoka, nyiii. Likikata kona, tak-tak-tak. Likitembea pole pole barazani, tk... tk... tk... Likisimama usukani ukiwa umepinda, linavuma lenyewe kwa hasira zake.

Gari kubwa likilia, watu hulipisha. Dogo likilia, kila mwenye masikio ni fundi. Jirani yangu, ambaye aliwahi kumiliki pikapu enzi hizo na hajaacha kutukumbusha, aliinama, akafumba macho, akatoa hukumu: “Bushi za stabilaiza hizo.” Gari hili halina stabilaiza. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria akashauri akiwa juu ya pikipiki, injini inaunguruma: “Bosi, kaza mnyororo.” Shemeji akasema niliuze. Shemeji kila kinacholia shauri lake ni kukiuza, hata kuku.

Na kibaya kuliko ushauri ni pale unapotakiwa uuelezee mlio. Nilimpigia rafiki yangu wa Mombasa, mgonjwa mwenzangu wa magari haya.

“Linaliaje?”

“Linafanya krr-krr-krr.”

“Ni krr-krr au krii-krii?”

“Krr. Kutoka kooni. Krrr.”

“Hebu tena, polepole.”

Mtu mzima mimi, nimesimama barazani na msuli kiunoni, nakoroma kwenye simu, na watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wanapokezana kuniiga. Mmoja alinipita kwa ubora, nakiri. Mwisho rafiki yangu akasema nisogeze simu karibu na gari. Nikasogeza. Akakaa kimya, kisha akashtuka: “Eeh! Huo mlio mzito wa nyuma ndio mbaya. Zima, ndugu yangu, zima haraka!” Ilikuwa mashine ya kusaga unga ya mtaa wa pili.

Ninachowalaumu mafundi wa barazani ni swali lao. Wote wanauliza mlio ukoje, hakuna anayeuliza unatokea lini. Krr na krii ni masikio ya mtu. Wakati ndio unaotaja ugonjwa. Ukilia gari linapokata kona tu, mota iache kwanza. Tazama ekseli za mbele, pale kichwa cha ekseli kinapokaa ndani ya kikombe chake. Usukani ukipinda mpaka mwisho huku umevuta moto wote, kichwa kinakwama na kuruka humo ndani, ndiyo ile tak-tak. Nikapunguza kwenye rimoti kiasi cha usukani kupinda, na tak-tak ikahama mtaa.

Ikahama pamoja na ule mvumo. Mvumo ulikuwa wa sevo, kile kimota kinachopindisha magurudumu: kimeamriwa kifike mahali ambapo plastiki imeshakizuia, na hakina akili ya kukata tamaa, kinaendelea kusukuma huku kinapata joto. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo.

Nyiii ilikuwa giya ndogo ya mota kubanana na giya kubwa. Nani alizibanisha si muhimu. Dawa yake ni karatasi, na kwa kweli hii ni kazi ninayoipenda. Unakata kipande chembamba, unakipitisha katikati ya zile giya mbili, unasukuma mota mpaka meno yaing'ate karatasi, unakaza skrubu za mota, halafu unazungusha giya karatasi itoke upande wa pili. Ikitoka imejikunja mikunjo midogo midogo bila kuchanika, nafasi inatosha. Ikitoka vipande, zimebana, na zitalia mpaka zilane. Ukiziachanisha mno nako ni hasara, maana meno yatashikana kwa ncha tu, na siku ukivuta moto kwa pupa giya kubwa ya plastiki inanyolewa kipara. Karatasi nilichana kwenye daftari la mpwa. Alikuwa na deni.

Ikabaki tk.

Nikavua bodi, kwa sababu bodi ya polikaboneti ni nyembamba na hukikuza kila kinachosemwa chini yake. Sauti ikapungua, tk ikabaki. Nikavua magurudumu, ipo. Nikatoa mota nzima nikazungusha shafti kwa vidole, ipo. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye boksi la giya, mpini sikioni, wanavyofanya mafundi wa gereji kusikiliza injini. Mama Watoto akanikuta hivyo, nimelalia meza, macho nimefumba, bisibisi sikioni, usiku umekwenda. Hakuuliza kitu. Akazima taa ya sebuleni akaenda kulala, na mimi ndani.

Gizani ndiko nilikosikia vizuri, ingawa sitamwambia. Tk ilikuja mara moja kwa kila mzunguko wa giya kubwa ya difu. Beringi mbovu husaga mfululizo, haina subira ya kungoja zamu. Kinachongoja zamu ni jino. Nikafungua boksi tena, nikashika giya chini ya tochi ya simu, nikaipitia jino kwa jino. Katikati ya meno mawili, chini kabisa kwenye shina, chembe ya mchanga imejikita ndani ya plastiki. Mswaki ulipita juu yake, sabuni ilipita juu yake, nayo ikatulia tu. Nikaing'oa kwa ncha ya sindano. Nyeupe, ina kona, na ukiigusa kwa ukucha inakwaruza. Ushahidi kamili.

Asubuhi niliita nyumba nzima ije kuiona, mpwa akiwa mbele. Akaitazama muda mrefu kwenye kiganja changu, akasema, “Mjomba, sasa utajuaje kama ni ya Kigamboni?” Vijana wa siku hizi wanasomeshwa ubishi. Mama Watoto akaitazama pia. “Hii ndiyo imetunyima meza?” Kisha akaipuliza.

Sasa gari limetulia, ukiacha vile vilio vifupi vinavyopanda likiunganishwa na betri. Hivyo si ugonjwa. Mota yake haina brashi, na kidhibiti kasi, ambacho hakina spika, hutumia nyaya za mota hiyo hiyo kuzitetemesha zitoe sauti kutangaza kwamba kiko tayari. Mama mkwe kila akija anadhani simu yake inaita. Ameshapokea mara kadhaa.

Nilidhani nitapumzika. Jana jioni jirani wa pikapu akabisha hodi, amekumbatia feni ya kusimama.

“Jirani, nasikia wewe siku hizi unajua milio.”

Nikamuuliza inalia ikianza kuzunguka au ikishakolea. Akaiweka feni chini, akakohoa kusafisha koo, akaanza kuiga.